Nimesikia sauti yangu ikitangaza dawa ya sukari, na sijawahi kuirekodi. Sheria inasemaje?

Mama Spika (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza utani, maana nawajua.

Kazi yangu ni sauti. Redioni sipo, wala televisheni sijawahi kuingia. Ukipita Kariakoo, Tandika, Manzese au stendi ya Makumbusho ukasikia spika inasema "Usipite mama, usipite, angalia kwanza, kuangalia ni bure", basi kuna uwezekano mkubwa ni mimi. Mwaka wa 11 huu. Studio yangu ni chumba nyuma ya fremu ya simu huku Manzese, kuta nimebandika godoro la sponji, na feni sharti nizime nikirekodi, kwa hiyo tangazo la dakika moja namaliza nimelowa kama nimetoka baharini. Elfu 15 sauti tupu, elfu 25 ukitaka na muziki chini yake. Mteja analeta flashi, anaondoka nayo, anaichomeka kwenye spika, inazunguka kutwa. Mkataba wetu ndio huo. Karatasi hakuna.

Alhamisi nilikuwa narudi kutoka kumsalimia mama Mbagala. Foleni ikatukamata Mtoni kwa Aziz Ally, mara nikasikia sauti yangu nje ya dirisha. Hilo lenyewe si geni, nimezoea hadi sigeuki. Ila hii ilikuwa inasema: "Mimi mwenyewe nilikuwa na sukari miaka sita, nimetumia chupa tatu tu, leo nakula wali, nakula chapati, dawa inafanya kazi barabara."

Sijawahi kuumwa sukari. Na dawa sijawahi kutangaza tangu nianze, nimekataa mpaka pesa nzuri. Natangaza ndala, sufuria, mitumba, vitunguu. Dawa hapana.

Nikashuka. Guta, chupa za plastiki za nusu lita zenye karatasi ya kijani, na kijana wa miaka kama 20. Nikamwambia hiyo sauti ni yangu. Akacheka, "Dada, hii ya kompyuta." Nikamwambia nisikilize basi ninavyoongea. Alisikiliza kidogo, kicheko kikaisha, akazima spika mwenyewe bila kuambiwa.

Maelezo yake ni kwamba bosi alichukua tangazo langu la ndala za Mtaa wa Kongo, akampelekea kijana mmoja wa kompyuta, huyo akalitia kwenye programu ya akili mnemba, akaandika maneno mapya, mashine ikayasema kwa sauti yangu. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Niseme ukweli, mashine imenipatia. Mtu wa kawaida hajui. Mimi nilijua kwa vitu viwili. Cha kwanza, "barabara". Ukitaka kusema kitu kinafanya kazi sawasawa unakaza "ra" ya kwanza, ba-RÁ-bara. Mashine ilikaza kama inasema barabara ya Kilwa. Cha pili, pumzi. Mimi kabla ya kutaja bei huwa navuta pumzi, ni ugonjwa wangu, wateja hunitania. Mle hamna pumzi hata moja. Mtu anaongea dakika nzima kama hana mapafu.

Sasa kilichonikata maini ni mama. Mama ana sukari kweli, anachoma sindano asubuhi na jioni. Nilipompigia kumsimulia akanyamaza, halafu akaniuliza, "Kwani hizo chupa si zako?" Kumbe jirani alishampelekea mbili tangu wiki ile nyingine: mwanao mwenyewe anaitangaza, wewe mbona hutumii? Mama alikuwa amezipanga juu ya friji, anasubiri apate nafasi ya kuniuliza niliugua lini nikamficha. Alhamisi nimekaa naye saa nne nzima chini ya chupa hizo hizo na sikuziona.

Maswali yangu. Kuna sheria hapa kwetu inayomlazimisha mtu aseme "sauti hii ni ya mashine"? Nasikia Ulaya na China wanayo. Na hata ikiwepo, itashikaje guta?

---

Winga wa Kongo (Jumapili, saa 4:05 usiku)

Mama Spika pole sana, tena wewe nakujua, ile ya "kuangalia ni bure" imeniuzia mzigo miaka miwili.

Ila tuongee ukweli wa sokoni. Mwezi wa pili huu natumia sauti ya mashine. Sijaiba ya mtu, ni ile inayokuja na programu, inaitwa sijui nani vile, ina lafudhi kama Mkenya aliyekulia Dodoma. Bei ikibadilika saa 5 asubuhi, saa 5 na dakika mbili nimeshabadilisha tangazo. Kwako nipande bajaji hadi Manzese, nikukute na foleni ya watu wa viazi. Mteja hajali nani anaongea, anajali bei. Mkilazimisha niseme "sauti hii ni ya mashine", nitasema, na ataendelea kununua soksi.

Kwanza tungekuwa tunaogopa sheria tungeanza na ya kelele. NEMC, wale wa mazingira, wakipita wote tunazima.

---

Kifungu Kidogo (Jumapili, saa 5:20 usiku)

Dada yangu, nilisomea sheria, sasa hivi nauza vifaa vya umeme Gerezani, kwa hiyo chukua haya kama maneno ya jirani aliyesoma. Wakili mwenye ofisi atakuambia kwa mpangilio.

Swali la kwanza: katika sheria zetu nilizopitia, sijakutana na kifungu kinachosema kitu kilichotengenezwa na akili mnemba lazima kitajwe hivyo. Ila usikate tamaa, maana aliyekufanyia haya amekanyaga sehemu nyingine tatu.

Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 15 kinahusu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo ukijua ni uongo kwa nia ya kupotosha watu, na hicho cha 16 adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mawakili watabishana kama spika ya guta inayosoma flashi ni "mfumo wa kompyuta". Mimi ninaziuza, nimezifungua. Ndani mna kipande cha kompyuta. Ila kompyuta ya yule kijana haina ubishi kabisa.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Taarifa binafsi ni ile inayomtambulisha mtu, na wewe mama yako amekutambua kwa sauti tu. Uliitoa kwa ajili ya ndala. Kuitumia kwa dawa ni lengo jingine ambalo hukuulizwa. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu Tume inapokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

Na kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Lile tangazo la ndala ni onyesho lako, limerekodiwa, wewe ndiye mtumbuizaji hata kama jukwaa lako ni mkokoteni.

Nje huko sasa. Umoja wa Ulaya una sheria ya akili mnemba ya 2024, namba 2024/1689. Kifungu chake cha 50 kimegawa mzigo kwa watu wawili. Mwenye programu lazima atie alama ambayo mashine nyingine inaweza kuisoma. Anayeitumia kutengeneza sauti au picha inayofanana na mtu halisi lazima aseme wazi kwamba si halisi, na aseme kabla au palepale mtu anapokutana nayo mara ya kwanza. Kilipangwa kuanza kutumika tarehe 2 Agosti 2026, na ukikivunja faini inafika euro milioni 15 au asilimia 3 ya mauzo ya kampuni duniani, kikubwa ndicho kinachochukuliwa.

China wao walianza tarehe 1 Septemba 2025, na hapa Mama Spika utapapenda maana wameifikiria sauti. Alama ziko mbili, ya wazi na ya kufichwa ndani ya faili. Ya wazi kwenye sauti inaweza kuwa maneno, au mdundo. Mdundo wenyewe wameuandika kwenye kiwango chao cha taifa: mfupi, mrefu, halafu mfupi, mfupi. Ndiyo herufi A na I za ile simu ya zamani ya Morse, yaani kifupi cha akili mnemba kwa Kiingereza. Pi, piiii, pi-pi.

Tennessee kule Marekani hawakuhangaika na alama. Machi 2024 walipitisha sheria wakaipa jina la kukumbusha Elvis Presley, ikaanza Julai mwaka huo. Inasema sauti ya mtu ni mali yake, hata ikiwa ni ya kuigizwa na mashine. Aliyeitumia bila ruhusa unamshitaki, awe amesema ni ya mashine au hajasema. Kwa kesi yako mimi naona hawa ndio wamegonga msumari.

---

Fundi Picha Mwenge (Jumatatu, saa 1:15 asubuhi)

Niongezee upande wa picha, maana hizi alama sisi zimetupitia kabla yenu.

Mwaka 2024 Meta walianza kubandika kwenye Facebook na Instagram maneno "imetengenezwa na akili mnemba". Wapiga picha duniani wakalalamika, picha halisi kabisa zinabandikwa kwa sababu tu mtu kafuta kitu kidogo kwa kompyuta. Julai mwaka huohuo wakabadilisha maneno, ikawa "taarifa za akili mnemba", bofya usome. Nami nauliza, nimempiga bibi harusi Coco Beach, nyuma yake kuna kopo limekaa vibaya mchangani, nimelifuta. Bibi harusi kageuka wa mashine? Nisipolifuta mama mkwe hanilipi.

Halafu ile alama ya kufichwa isikudanganye, ndugu Kifungu. Picha ikipita WhatsApp kawaida zile taarifa za ndani zinabaki njiani. Au mtu anapiga picha ya kioo cha simu, basi. Ziko alama ngumu zaidi zinazofumwa ndani ya picha au sauti yenyewe, Google wanayo moja inaitwa SynthID, lakini inatambua vilivyotengenezwa na programu zinazoitumia. Yule kijana wa kompyuta ameshusha programu ya bure, nani amemfumia?

---

Mama Spika (Jumatatu, saa 2:50 usiku)

Asanteni wakuu. Winga, nimekusamehe ya soksi. Sauti ya mashine isiyo ya mtu mimi sina ugomvi nayo, itaninyima ugali lakini haijanitukana.

Ndugu Kifungu, ule mdundo wa Wachina umeninyima usingizi, nikaamua kuujaribu. Leo asubuhi nimechukua tangazo langu la sufuria, nikaweka mwanzoni pi, piiii, pi-pi, nikamwomba kijana wa vyombo pale Manzese Darajani alipige saa moja.

Mama wa kwanza alirukia pembeni na ndoo. Mzee mmoja akageuka kutafuta lori linalorudi nyuma. Bodaboda mbili zikasogea kupisha. Hakuna aliyefikiria akili mnemba. Labda watu wakifundishwa miaka kumi, kama tulivyofundishwa mlio wa gari la wagonjwa, ambalo nalo hatulipishi.

Lakini nimegundua kitu kikubwa kuliko hicho nikiwa nimekaa pale kwenye kindoo. Hizi sheria zote, kwa mlivyonieleza, zimeandikwa na mtu anayesikiliza kitu tangu mwanzo. Amekaa, amebofya, kimeanza. Tangazo la spika halina mwanzo, wakuu. Nimehesabu leo: mtu anapita mbele ya mkokoteni, anasikia sekunde nne, tano, kapotea. Tangazo langu la sufuria ni sekunde 52. Aliyeingia kwenye "ya kupikia makande" anatokea kwenye "elfu nane tu", onyo lilipita akiwa bado kwa muuza miwa. Kwa huyo, "mara ya kwanza kukutana nayo" ni katikati ya sentensi.

Kwa hiyo nami nina sheria yangu, mwenye kwenda Dodoma anipelekee: onyo likae ubavuni mwa bei. Kwa nini bei? Kwa sababu mpita njia hata awe kiziwi nusu, bei ataisikia, sisi wenye kazi tunaitaja kila baada ya sekunde chache kwa makusudi. "Elfu nane tu, sauti ya mashine. Elfu nane tu, sauti ya mashine." Nimejaribu kuirekodi, inaingia vizuri kabisa kwenye mapigo. Hata inakata kiu.

---

Kifungu Kidogo (Jumatatu, saa 3:30 usiku)

Hahaha. Unajua India Oktoba 2025 walitoa rasimu inayotaka onyo la sauti likae kwenye asilimia 10 za mwanzo? Kwa sufuria zako ni sekunde tano za mwanzo, na zimeshapita muuza miwa akiwa hajamaliza kukamua. Wewe ungewasaidia.

---

Nesi wa Zamu (Jumanne, saa 12:10 alfajiri)

Natoka zamu ya usiku, nimesoma uzi wote kwenye mwendokasi. Naomba niwe mchawi kidogo.

Mnajadili mashine, mashine. Mimi wodini sipokei mtu aliyeumizwa na mashine, napokea aliyeacha sindano. Anakuja anapumua kwa kasi, mdomo unanuka kama matunda yaliyochacha, sukari kipimo kinaandika juu tu bila namba. Ukiuliza, ndugu wanasema alianza dawa ya asili wiki mbili zilizopita. Aliyeitangaza alikuwa mtu au kompyuta? Hakuna anayekumbuka.

Dada, tuseme yule bosi anaweka onyo lako ubavuni mwa bei. "Nilipona sukari kwa chupa tatu, sauti ya mashine." Jirani wa mama yako hanunui? Ananunua. Tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na ina Baraza lake chini ya Wizara ya Afya. Mpelekee Baraza karatasi ya kijani ya ile chupa. Hiyo ndiyo itakayolisimamisha guta, kabla hata ya suala la sauti.

Na wale wa Marekani, nakumbuka ile simu ya sauti ya bandia ya Joe Biden kule New Hampshire Januari 2024, ikiwaambia watu wasipige kura. Aliyeiandaa alitozwa dola milioni 6. Aliadhibiwa kwa kuwadanganya watu kwenye simu, na hakuna aliyesubiri sheria ya alama.

Mama anaendeleaje? Ameendelea na sindano?

---

Mama Spika (Jumanne, saa 1:00 usiku)

Dada Nesi, ameendelea, alhamdulillahi. Zile chupa nimezichukua mimi, zimo kwenye begi pamoja na flashi ya tangazo la ndala na flashi ya tangazo la uongo, ambayo yule kijana wa guta alinipa mwenyewe. Hakutaka hata pesa ya soda.

Umenipiga mahali panapouma, na umenipiga kwa haki. Nilikuja humu na hasira ya sauti yangu, wewe umenionesha chupa.

Lakini niwape ya leo mchana, mchekee mbali. Yule kijana aliniunganisha na bosi kwa simu. Mtu mzima, mstaarabu, ananiita dada, anaomba radhi, hakujua sauti ina mwenyewe, alifikiri iko kwenye flashi basi ni ya aliyenunua flashi. Nikamweleza yote, taarifa binafsi, hakishiriki, kifungu cha 15, nikasoma kabisa kwenye ujumbe wa ndugu Kifungu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akashusha pumzi, mimi nikadhani ameelewa.

Akasema, "Basi dada, nimekuelewa, tatizo ni mashine. Iwe halali. Njoo urekodi mwenyewe maneno yaleyale, nakupa elfu 30."

Nimemkatia. Ndugu Kifungu, Tume wanapokea flashi au nichape kwanza maneno yake kwenye karatasi? Kesho naanzia huko, halafu Baraza.

---

Winga wa Kongo (Jumanne, saa 1:04 usiku)

Elfu 30?! Mimi huwa unanitoza 25 na muziki.